Majamvi Mawili ya Bi Kijakazi

Zulekha alikutana na Ridha kwenye foleni ya kusajili laini ya simu, Chake Chake, saa nne ya asubuhi, siku ambayo watu wa mashamba wamejaa mjini na hapapitiki. Alivaa baibui jeusi lenye shanga za fedha mikononi, miwani ya jua kaipandisha juu ya ushungi, na sura kaikunja, kwa sababu karani alikuwa akiipinduapindua pasipoti yake kana kwamba ni samaki anayetiliwa shaka.

"Mgeni wa nchi gani?"

"Si imeandikwa hapo. Kenya."

"Kenya wapi?"

"Mombasa."

Mtu akacheka nyuma yake. "Mombasa nako kumeshakuwa mbali, bwana karani? Mpe dada laini yake, tumechoka kusimama."

Zulekha akageuka kumtazama huyo wakili asiyeitwa. Alikuwa mwanamume mrefu, shati la samawati lililonyooshwa kwa pasi, kofia kaiweka upande kama mtu asiye na madeni duniani.

"Nimekuomba unisemee?"

"Hukuniomba. Najisemea miye, foleni hii yangu pia."

Alitaka kununa, akajikuta anacheka. Kabla hajatoka dukani, namba ya kwanza kuingia kwenye laini yake mpya ilikuwa ya Ridha, mwalimu wa jiografia, kwao Mtambile.

Zulekha alikuja Pemba kwa harusi ya binamu yake, akafikia kwa shangazi yake, Bi Mwatum, Gombani. Harusi ikaisha, simu hazikuisha.

"Ushakula?"

"Nimekula. Mbona waniuliza kama mamangu?"

"Mamako akwita 'roho yangu'?"

"Hajaniita hata siku moja."

"Basi hatufanani, roho yangu."

Maneno matamu yalikuwepo tele. La ndoa halikuwepo, na Zulekha alilihitaji. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mtalaka wa miaka mitatu. Mume wa kwanza alichaguliwa na kaka yake, Ahmada, na kila siku ya ndoa ile mume huyo alimwambia Zulekha kwamba anachokishika kinaharibika. Sasa Ahmada alikuwa kamchagulia wa pili, mfanyabiashara wa Malindi, na watu wake wangefika nyumbani Ijumaa kuposa. Ndege ya Zulekha ilikuwa Jumatatu. Ridha aliyajua yote hayo, akakaa nayo kimya.

Jumamosi akapiga simu. "Utaondoka Pemba ulichokiona ni ukumbi wa harusi? Kesho nikutembeze shamba. Tutafika mpaka kwetu."

Bi Mwatum aliposikia alikaa kitako. "Mwanamke kaachwa, apakiwe kwenye gari ya mwanamume mchana kweupe?"

"Ungependa apakiwe usiku, shangazi?"

Asubuhi yake Zulekha alivaa baibui lile lile la shanga, akakaa kiti cha mbele, akashusha kioo mpaka chini. Anayetaka kumwona amwone vizuri, asije akabuni. Akampungia mkono hata jirani aliyejifanya anafagia.

Barabara ya kusini ilipanda vilima na kushuka mabonde, huku mpunga, huku migomba, na kila penye nyumba pana karafuu zimeanikwa. Ulikuwa msimu. Harufu iliingia garini ikakaa kama abiria wa tatu. Wanawake walikaa vibarazani wakichambua, wakitenga karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, bila kuangalia vidole vyao, macho yote kwenye gari. Zulekha aliwapa salamu kijiji baada ya kijiji, mpaka Ridha akasema, "Wagombea kiti gani cha ubunge?"

"Naaga watu. Kesho naondoka."

Ridha akakaza mikono kwenye usukani, akaongeza mwendo. Zulekha alitamani kumzaba kofi.

Walipofika Mtambile, mama yake Ridha, Bi Kijakazi, alikuwa kaenda kumtazama mgonjwa jirani. Uwanjani palikuwa na majamvi mawili ya karafuu. Adhana ya adhuhuri ikalia. Ridha akamwekea Zulekha kiti barazani, akaenda msikitini.

Haijapita robo saa, mbingu ikafunga. Zulekha hakuwahi kuanua karafuu maishani, lakini mvua ni mvua. Alikunja mikono ya baibui, akakusanya jamvi la kwanza, akakusanya la pili, akazimimina zote ndani ya gunia moja na kuliburura hadi barazani tone kubwa la kwanza likianguka. Alihema, shanga zimekatika, moyo umejaa raha.

Ridha alirudi mbio, kaloa chapachapa. Alipoliona gunia alisimama.

"Umezitia zote humu?"

"Zote. Hata moja haijaloa."

Akatia mkono guniani, akatoa konzi. Nyingine za kahawia, kavu, zinavunjika. Nyingine za kijani chenye wekundu, zimejaa maji. "Jamvi moja la siku nne, jingine la jana. Zikikaa pamoja, mbichi huzitia joto kavu. Huwa mpeta, hazina thamani tena." Akashika kichwa. "Leo, Zulekha. Katika siku zote, leo."

Hakusema zaidi, na kule kunyamaza kukamchoma kuliko tusi. Zulekha alisikia sauti ya mume wake wa zamani kana kwamba yumo nyumba ile.

"Sema umalizie. Kila ninachoshika kinaharibika."

"Sijasema hivyo."

"Kimesema kimya chako. Wiki mbili wanyamaza, sasa nimejua unanyamazia nini."

"Nikurejeshe Gombani?"

"Sirudi. Nimeharibu mimi, nitatengeneza mimi."

Akalimwaga gunia lote barazani, akavua saa, akakaa chini na baibui lake la shanga, akaanza kutenga moja moja. Kavu kulia, mbichi kushoto. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Bi Kijakazi alitokea mvua ilipopungua, kanga kichwani, akasimama juu ya lundo.

"Nani kazichanganya hizi?"

"Miye, mama," Ridha akasema upesi.

"Mwongo weye. Mtoto wa Mtambile hachanganyi karafuu hata akiwa na homa."

"Ni mimi, Bi Kijakazi," Zulekha akasema. "Naitwa Zulekha, natoka Mombasa. Sikujua, na nakuomba radhi. Lakini siondoki mpaka ziishe."

Bibi yule akavuta mkeka, akakaa upande wa pili wa lundo. Ridha naye akakaa. Wakachambua.

"N'likuleta leo mama akuone," Ridha akasema chini kwa chini, macho kwenye karafuu. "N'taka radhi yake, ndo nikutamkie ndoa. Sikutaka kukupa neno halafu nikalirejesha. Nilipoliona gunia n'kajua mambo yamekwisha. Sikukasirika, roho yangu. N'liogopa."

Simu ya Zulekha ikaita. Ahmada. Vidole vimejaa utomvu, akabonyeza sauti kubwa.

"Shangazi kanipigia analia," Ahmada alisema. "Uko wapi, na nani?"

"Niko Mtambile, kwa watu, mchana. Sikiza, kaka. Hao wa Ijumaa waambie wasije."

"Nishatoa ahadi."

"Uliitoa yako. Wewe ni walii wangu na nakuheshimu, posa italetwa kwako. Lakini itatoka Pemba." Akamgeukia Ridha. "Itatoka, au nipande ndege?"

Ridha akaziweka chini karafuu alizoshika.

"Itatoka," Ridha akasema. "Wallahi itatoka, kwa radhi ya mama."

Bi Kijakazi hakumtazama mwanawe. Aliokota karafuu moja upande wa kulia wa Zulekha, akaivunja, akaokota nyingine, akaivunja. Zote zilikuwa kavu.

"Mikono mizuri," akasema. "Ila hizi mbichi zataka jua kesho asubuhi na mapema. Miye mgongo umechoka. Nani ataanika?"

Simuni Ahmada alikuwa bado anaita jina la dada yake. Zulekha akaikata.

"Mimi," akasema.

Jioni Ridha alimrejesha Gombani, kioo kikiwa chini. Bi Mwatum alinuna, akamtilia chai. Jumatatu Zulekha alifika Mtambile na jua la kwanza, na kanga ya kuazima kiunoni. Akatandika majamvi mawili mbalimbali, akamimina kila moja na zake, akapiga magoti kuzisawazisha. Ndege yake ya saa tatu ikapita juu ya mikarafuu. Bi Kijakazi aliinua uso kuiangalia. Zulekha hakuinua, alikuwa na kazi.