Koito Katika Taarifa za Ijumaa

"Mongina, hizo habari za wanachama ziishe leo. Kesho ni Ijumaa, na sitaki kusoma karatasi yenye wino mbichi."

"Zitaisha, wakili."

Wakili Janeffer, katibu wa chama cha mawakili wa mji wa Kericho, alifunga mlango akaenda zake kortini. Yunia Mongina akabaki na taipureta, karatasi zake za stensili za kurudufishia na kisanduku cha mbao ambamo mawakili hutumbukiza habari zao: huyu kapata mtoto, yule kahamisha ofisi, mwingine kafiwa. Kila habari lazima iandikwe kwa mkono wa mwenyewe na itiwe sahihi. Kanuni hiyo ilianza mwaka wa tisini na nne, wakili mmoja alipotangaziwa tanzia, kisha akaja kwenye lanchi ya Ijumaa, habari hizo zinakosomwa, akala sahani mbili. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na bila sahihi hakuna kuchapa.

Akafungua karatasi ya tatu. Mwandiko aliujua kabla hajasoma neno.

"Nina furaha kuwajulisha wenzangu kwamba Jumamosi iliyopita wazee wetu walifanya koito nyumbani kwa kina Dorine, Bomet, na posa yangu ikakubaliwa. Dorine atakuwa nami kwenye lanchi ya Ijumaa ili awasalimu. Ni mimi, Chepyegon."

Koito! Kwa Wakipsigis hiyo ndiyo siku wazee wa pande mbili huketi wakakubaliana, maziwa ya mgando ya mursik yakanywewa, na binti akawa ana mwenyewe. Mongina alisoma mara ya pili. Katika chama hicho Chepyegon alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa wake. Miaka minne! Alimpenda tangu hana hata kabati la vitabu, ana suti moja, akimchapia hati zake za kortini baada ya kazi. Jumamosi iliyopita alimwambia anakwenda semina Nakuru. Kumbe semina ilikuwa Bomet, na mada ilikuwa Dorine.

Na Jumapili hii, siku tatu tu zijazo, Chepyegon alikuwa anangojwa Chepilat, nyumbani kwa kina Mongina.

Hapo ndipo palipouma. Baba yake, Mzee Atuti, alichomewa nyumba mwaka wa tisini na mbili wakati wa vita vya mpakani kati ya Wakipsigis na Wakisii wenzake, na tangu hapo hakutaka kusikia habari ya mkwe Mkipsigis. Mongina alimbembeleza mwaka mzima. Mwishowe mzee akasema, "Huyo si ni wakili? Aniandikie kwa mkono wake, atie sahihi." Chepyegon akaandika, tena kwa adabu, kwamba atafika Jumapili kuposa. Mzee aliisoma akiwa amesimama, kisha akamrudishia binti yake.

"Kaiweke huko kazini kwenu," alisema. "Hapa karatasi zangu zilishaungua mara moja."

Mongina alikuwa ameomba likizo kuanzia Jumatano ili akamsaidie mama kupika na kupamba nyumba. Lakini Alfayo, taipisti wa kumshikia zamu, aliugua, naye akaitwa arudi. Chepyegon hakujua. Habari ya koito hangeweza kuificha, kwa sababu mwenyekiti wa chama, Mzee Kimeli, ndiye baba mdogo wa Dorine. Hesabu ya Chepyegon ilikuwa kwamba Alfayo atachapa, na Mongina akirudi wiki ijayo atakuta mambo yameshaiva.

Akainua simu, akampigia ofisini kwake.

"Halo, Wakili Chepyegon hapa."

"Ni mimi."

"Ah, mpenzi! Unapiga kutoka posta ya Chepilat?"

"Semina ilikuwaje?"

"Ilichosha tu. Hotuba juu ya hotuba."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nini?"

"Chepyegon!"

"Aa, Jumapili! Si nitakuja? Kwani nimewahi kukuangusha? Ila kesi ikiniita Kisumu, utamwambia mzee anielewe."

"Korti gani hiyo inakaa Jumapili?"

"Si unajua kazi yetu, Yunia. Mtu husafiri siku moja mbele. Salimia mama."

Akakata.

Njia ya mwongo ni fupi, na huyu hata hatua kumi hakufika. Angesema kweli hapo kwenye simu, hata kwa nusu mdomo, Mongina angelia, angechapa ile habari ya koito kama ilivyo, na mambo yangeishia hapo. Lakini kumfanyia mzee wake mzaha! Alifungua kabati, akatoa faili lake, akaichomoa barua aliyoandikiwa Mzee Atuti, akailinganisha na ile karatasi ya kisandukuni. Mwandiko ule ule, sahihi ile ile.

Akachapa koito neno kwa neno. Kisha akaingiza stensili ya ukurasa wa pili, wa shughuli zijazo, akateremka mpaka mahali pa Jumapili, akachapa tena.

Ijumaa saa saba mchana ukumbi wa hoteli ulijaa suti nyeusi na harufu ya kuku. Mongina alisimama mlangoni na rundo la nakala, ambazo kwa desturi hugawiwa baada ya kusomwa, la sivyo hakuna anayesikiliza. Chepyegon aliingia ameshikana mkono na msichana mrefu, mpole wa uso, aliyevaa gauni la kijani. Alipomwona Mongina, aliuachia ule mkono.

"Dorine, tangulia kwa Mzee Kimeli, nakuja." Kisha akanong'ona, "Wewe si uko likizo?"

"Alfayo ni mgonjwa. Nilirudi tangu jana."

"Jana? Na ile simu?"

"Nilipiga nikiwa ofisini, barabara moja na wewe."

"Yunia, nisikize. Ni wazee walinisukuma. Nitakueleza yote, lakini tafadhali, usiniaibishe leo."

"Keti, wakili. Chakula kinapoa."

Janeffer akasimama na karatasi. Hakuwa na tabia ya kuipitia kabla. Alisoma kwa sauti kubwa na haraka, kama mtu anayekimbizana na hakimu. Akasoma mtoto, akasoma ofisi mpya, akafika kwenye koito.

"Aa! Chepyegon, si usimame basi tukuone!"

Makofi yakalipuka. Chepyegon akasimama, jasho limemjaa usoni. Mawakili hawa wana mzaha wao: mwenzao akitangaza uchumba, mwenyekiti huuliza kama yuko kortini. Mzee Kimeli akainuka, tumbo mbele, furaha imemjaa.

"Mna pingamizi?"

"Hatunaaa!" ukumbi ukajibu, vijiko vikigonga meza.

Chepyegon alimtazama Mongina. Mongina alikuwa akipanga nakala zake. Mwanamume akashusha pumzi, akaketi, hata akammiminia Dorine soda.

"Ukurasa wa pili," Janeffer akaendelea. "Shughuli zijazo. Jumamosi, mpira kati ya mawakili na makarani wa korti. Jumapili saa tano asubuhi, Wakili Chepyegon atafika Chepilat, nyumbani kwa Mzee Atuti, kuposa binti yake Yunia Mongina, kama ali..." Sauti ikapungua. "Kama alivyoahidi kwa barua yake mwenyewe. Wenzake wanakaribishwa kumsindikiza."

Hakuna aliyetafuna.

"Ni makosa ya taipisti!" Chepyegon aliruka juu. "Mzee, ni makosa tu ya kuchapa!"

"Mongina," Mzee Kimeli akasema polepole, "kuna sahihi?"

"Ziko mbili, Mzee." Akapita katikati ya meza, akamwekea karatasi mbele yake. "Hii ni ya koito. Na hii ni ya kwetu."

Mzee Kimeli akavaa miwani, akasoma zote mbili, akazisogeza kwa Dorine.

"Hii barua ni ya mwezi huu," Dorine akasema. "Chepyegon, huu mwandiko ni wako?"

"Dorine, huyu ni taipisti tu. Alikuwa ananichapia kazi, akajipa matumaini."

"Sijauliza yeye ni nani. Nimeuliza mwandiko ni wa nani."

Mtu aliyezoea kujibizana na mahakimu akajifuta jasho kwa kitambaa cha meza. Dorine akasimama.

"Jumamosi ulikunywa mursik ya mama yangu mpaka ukaomba tena. Alikuuliza kama kuna msichana mwingine umemwahidi. Ukaapa hakuna." Akamgeukia Mongina. "Dada, mimi sikujua."

"Najua hukujua. Nisamehe imekupata mbele ya watu."

"Ni sawa. Heri hapa kuliko kanisani."

Akachukua mkoba akatoka. Mzee Kimeli alimfuata, lakini alipofika kwa Mongina akasimama, akainamia sakafu.

"Umefuata kanuni, msichana. Siwezi kusema umekosa. Lakini Jumatatu usikuje. Tutakuandikia barua nzuri ya kazi."

Ndiyo hivyo! Mwenye kosa alibaki wakili, na aliyesema kweli akafungasha. Mongina hakubisha. Alirudi ofisini kuchukua sweta na kikombe chake, na hapo kwenye ngazi Chepyegon akamfikia, anahema.

"Umefurahi sasa? Umeniharibia kila kitu!"

Mongina akaendelea kupanda.

"Yunia, ngoja. Ngoja kwanza." Sauti ikalainika ghafla. "Dorine ameenda, si basi? Tumebaki mimi na wewe. Jumapili nitakuja kweli. Nitamwomba mzee msamaha, tuanze upya."

Mongina akageuka, akacheka kicheko kichungu kama shubiri.

"Kwa hivyo mimi ni kiporo? Chakula cha leo kimemwagika, unarudia cha jana?"

"Usiseme hivyo. Wewe ndiye ninayekupenda, tangu zamani."

"Na mimi nilikupenda. Nilikupenda mpaka nikagombana na baba yangu. Ungeniacha mimi, ningelia, ningepona. Lakini wewe ulitaka yule mzee akae nje amevaa koti lake, majirani wakimwangalia, anangoja mtu ambaye ameshamtupa. Hiyo siwezi kukusamehe."

"Basi wacha nimwandikie barua ingine."

"Chepyegon, usimwandikie baba yangu tena."

Jumapili saa tano kasoro Mongina alifika Chepilat. Mzee Atuti alikuwa nje kwenye benchi, amevaa koti, viatu vimeng'aa. Kando yake aliketi Kiplangat, jirani wa ng'ambo ya barabara, Mkipsigis, ambaye hakuwa ameingia boma hilo tangu nyumba ichomwe. Mzee alimwalika mwenyewe, aje asaidie kuwapokea wageni kwa lugha yao.

"Mbona uko peke yako?" baba akauliza.

"Haji, baba."

Akaeleza yote akiwa amesimama hapo hapo: koito ya Bomet, lanchi, kazi iliyokwisha. Mama yake, aliyetoka jikoni na mwiko mkononi, akajiziba mdomo kwa leso. Mongina akangoja kuambiwa "nilikwambia." Alikuwa amejiandaa nalo neno hilo njia nzima.

Kiplangat ndiye aliyesema kwanza, bila kuinua macho. "Huyo kijana ametuaibisha sisi wote, Atuti. Ama mimi niende tu nyumbani?"

"Uende wapi? Kuku wameiva. Kaa ule."

Kisha mzee akamgeukia binti yake.

"Ulilia mbele yao?"

"Hapana, baba."

"Na njiani?"

"Hata njiani sikulia."

Mzee Atuti akasogea pembeni, akamwachia nafasi kwenye benchi.

"Basi keti, mama. Lia sasa. Hapa ni kwenu."