Kofia ya Rufus

Clyde Averill alikuwa anabandua herufi ya tatu. Kwa wembe, taratibu, alikuwa akiliondoa jina la mwenzake Rufus Stambaugh kwenye kioo cha mlango wa ofisi yao ya upelelezi, katikati ya Los Angeles. Juzi Rufus alikutwa amekufa kitini, risasi kifuani, kofia kichwani, glasi mbili za wiski mezani. Moja ilikuwa na alama ya rangi ya mdomo, nyekundu iliyoiva.

Clyde aliijua rangi ile. Ilishamharibia kola za mashati yote.

Visigino virefu vikagonga sakafu nyuma yake. Alikuwa Lenore, mwimbaji wa klabu, mchumba wake.

— Hata karibu sipewi?

— Juzi jioni ulikuwa wapi?

— Kwa fundi, najaribu gauni la harusi. Yetu, kama umesahau.

— Na rangi yako ya mdomo?

— Imepotea... Clyde! Unanishuku mimi?

— Nashuku kila mtu. Ndiyo kazi inayonilisha.

— Inakulisha? Mwezi mzima nakulisha mimi!

Clyde hakucheka. Akimpeleka polisi, atampoteza. Akimwoa, atalala jicho moja wazi.

Lenore akafuta machozi.

— Maskini Rufus. Juzijuzi tulikutana kwenye lifti, mikono yake imejaa makabrasha. Bado akanivulia kofia, yote yakamwagika!

Wembe ukasimama. Kweli, Rufus hakuwahi kukaa na kofia mbele ya mwanamke, hata aliyekuja kumtukana.

— Basi aliyekunywa naye alikuwa mwanamume, Clyde akanong'ona. Akaiba rangi yako ili ushukiwe wewe. Nani huingia chumba chako cha kuvalia?

— Sid Varga, mwenye klabu. Huniletea maua, nayatupa.

— Na Rufus alikuwa akiichunguza kamari yake ya wizi.

Simu ikalia. Alikuwa Sid mwenyewe.

— Pole, kijana. Lakini mwanamke aliyeacha alama ya mdomo kwenye glasi ya marehemu, kweli utamwoa?

— Habari ya glasi kakuambia nani, Sid? Polisi hawajamwambia mtu.

Simu ikakatwa.

Clyde akawapigia polisi, akaeleza yote, akamgeukia Lenore.

— Nisamehe, mpenzi.

— Nitafikiria, tukifikisha miaka ishirini ya ndoa.

Akaushika tena wembe. Lenore akamzuia mkono.

— Liache jina mpaka kesho, tukishamzika. Na wewe, muda wote huu unanihoji na kofia kichwani. Rufus angekuzaba kofi.

Clyde akaivua.