Fundo ya Yuma Haifungukake

Ilikuwa mangaribi, jua iko nazama nyuma ya ziwa, na miye na Achille tulikuwa natafuta nyumba.

Achille ni komisionere, wale batu benye kuonyeshaka bengine nyumba za kupanga. Alikuwa anatembea mbele yangu, anajipanguza jasho na kitambaa kama vile yeye njo anasukuma chukudu. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma muzigo, ilikuwa yangu. Miye Yuma! Babu yangu alitoka Maniema, miye nilizaliwa Goma, na ku barabara ya Kibati hata mbuzi zinajua jina yangu. Nilishaka kushuka na gunia kumi na tano ya viazi mara moja. Bengine banasema chukudu haiwezi. Baache baseme. Kumi na tano, na nilikuwa naimba.

Na fundo! Siye batu ya chukudu tunafungaka muzigo na kamba ya mupira, ile mupira ya ndani ya gurudumu, tunaikata mirefu mirefu. Miye niko wa mukono ya kushoto. Fundo yangu inazunguka kinyume. Mutu mwingine hawezi kuifungua. Batu balikuwa banasema: fundo ya Yuma haifungukake.

Kumbukeni ile neno.

Ilikuwa 2008. Vita ilifika Kibati, kwetu. Asubui mabomu, mangaribi mabomu. Nilikimbia na bibi yangu Asumini na batoto yetu babili mpaka Mugunga, tukalala chini ya bashi, ile plastiki nyeupe, pamoja na batu elfu na elfu. Lakini kazi yangu ilikuwa Gisenyi, ngambo ya Rwanda, ku depo ya Papa Védaste. Kutoka Mugunga kufika ku barieri, pale pa kuvuka mupaka, ni masaa. Unafika, bengine bamesha kuvuka, bamesha kubeba, weye unabaki kuhesabu mawe.

Njo tukachagua pa kulala. Kibati kuko risasi. Mugunga mbali. Keshero kuko muzuri, ziwa iko pale, lakini kule imbwa ya tajiri inakula nyama kuliko miye. Ikabaki Birere, karibu na ile barieri, Petite Barrière.

"Papa Yuma," Achille akasema, "iko moja. Ukikohoa ndani, askari wa Rwanda anakuambia pole."

"Na juu ya nini iko bule, bila mutu?"

"Bapangaji banatokaka."

"Juu ya nini?"

"Juu ya wivu."

Tukacheka. Achille alicheka kidogo tu.

Nyumba ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano. Birere yote iko vile. Volkano ya 2002 ilipita pale, ikafunika kila kitu, na batu bakajenga tena juu. Unalala juu ya nyumba ya mutu. Nyuma, mbao zilikuwa zimeegemea ukuta moja ya zamani, ya rangi ya buluu. Sikuangalia muzuri. Giza ilikuwa inaingia.

Nilisikia harufu.

"Achille. Mupira inaungua."

"Ni Birere, papa. Kila kitu inaungua Birere."

Siku ya pili tukahama. Asumini alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo, batoto banacheza ku mulango. Jua ikazama. Mara...

Ko.

Ko. Ko.

Asumini akaacha mwiko. "Baba Fatuma, kuko mutu chini."

"Chini ni mawe."

"Basi mawe inagonga."

Nikamwambia ni panya. Nikamwambia nilishaka kuua panya ya Birere kubwa kama mutoto wa mbuzi, na mukono moja. Harufu ya mupira ilikuwa imeingia mpaka ndani ya sombe.

Asubui, mbele jua itoke, nikachukua chukudu niende ku barieri. Ilikuwa bule. Hakuna muzigo. Nikasukuma.

Haikutembea.

Miye, mutu wa gunia kumi na tano! Nikaweka bega. Gurudumu ikalia, iiii... ikaanza kwenda pole pole, kama vile kuko kitu kizito juu. Nikaangalia nyuma. Hakuna kitu. Nikafika ku mulongo ya barieri na jasho mpaka ku viatu.

Nasiba alikuwa pale, ule mama wa kuuza unga mwenye anavukaka na kinga yake, baiskeli ya magurudumu matatu, kwani miguu yake ilikufa tangu mutoto. Akanicheka.

"Weh, Yuma! Leo umebeba hewa, na hewa inakushinda?"

"Nyamaza, mama. Nina homa."

"Homa ya kujisifia!"

Batu bakacheka. Mulongo ikasogea. Nikafika kwa askari wa ngambo, kijana mupole, macho mekundu ya usingizi. Nikatoa karatasi yangu. Akaangalia. Kisha akaangalia nyuma yangu, ku ubao ya chukudu.

"Na huyu mukecuru, karatasi yake iko wapi?"

Mukecuru, kwa Kinyarwanda, ni mama muzee.

Sikugeuka.

"Mukecuru gani, afande?" nikanongona.

Akafuta macho. Akaangalia tena. "Pita," akasema haraka. "Pita, pita."

Mbele kidogo njo nikageuka. Juu ya ubao hakukuwa mutu. Lakini kamba zangu za mupira, zenye nilikuwa nimetundika ku usukani, zilikuwa zimefungwa. Zimekazwa, kama vile zinashika mutu. Fundo tatu. Zinazunguka kinyume.

Mukono ya kushoto.

Ku depo, Papa Védaste akanipokea kama kila siku. Ni mutu mukubwa, mupole, na kila asubui alikuwa ananiita mbele ya batu yote: "Huyu njo alinivushia mama!" Juu ya ile neno njo nilipata kazi. Juu ya ile neno alikuwa ananipatia muzigo ya kwanza, na siku ya sikukuu mufuko ya muchele.

Niwaeleze. Siku ya volkano, mu 2002, Védaste alikuwa huku Gisenyi. Mama yake, Nyirakamana, alibakia Birere, na miguu yake ilikuwa haitembeake. Nilipofika Gisenyi ule usiku, Védaste alikuwa anapita kati ya batu, analia, anauliza kila mutu. Nikamwambia: miye Yuma nilimubeba. Nilimupitisha mu moto. Moto huku, moto kule! Nilimuvusha barieri, nikamuacha na bamama bengine upande wa Rwanda, muzima kabisa.

Miaka sita nilikuwa naeleza ile habari. Kila mara moto inakuwa murefu zaidi.

Ile asubui Védaste akanivuta pembeni.

"Yuma, balinipigia simu. Kule Ruhengeri kuko mukecuru moja, kwa bamasera, bale batawa. Hasemake. Hajuake jina yake. Miguu yake imekufa."

Nikashika usukani ya chukudu.

"Miaka sita natafuta. Hospitali zote, parokia zote. Nilishaka kufunua uso ya batu ishirini benye kufa, Yuma, nione kama ni yeye. Weye njo ulimuona wa mwisho. Kesho twende sote. Weye utamujua nguo, utamujua kila kitu."

"Nina homa, papa."

"Hata na homa. Tafazali."

Nikaitika.

Nikarudi Goma mangaribi. Karibu na nyumba, jua ilikuwa inapiga upande wa nyuma, ile ukuta ya buluu. Siku ile njo niliiangalia. Chini, kwa magoti yangu, kulikuwa vyuma vya balkoni, na maua ya chuma. Maua matano, moja imevunjika.

Nikainama.

Ile haikuwa ukuta. Ilikuwa etaji, gorofa ya juu ya nyumba ya zamani. Barabara yenye nilikuwa najua iko chini, mita tatu, ine. Na miye nilikuwa najua ile balkoni. Niliiangaliaka kutoka chini, siku moja, dakika moja.

Sasa nitasema. Sikumwambiaka mutu.

Ile siku ya volkano majirani balinipigia kelele: "Yuma, chukua mukecuru!" Nikamuweka ku chukudu, mugongo ku ubao. Nikamufunga fundo tatu asianguke. Akasema: "Umekaza sana, mutoto yangu." Nikajisifia hata pale. "Fundo ya Yuma haifungukake, mama." Tukaenda. Batu banakimbia, mbingu nyekundu, harufu ya kila kitu inaungua. Chini ya ile balkoni, gurudumu ya mbele ikapasuka.

Moto ilikuwa mbali. Niliambiaka batu ilikuwa mita mbili. Ilikuwa mwisho wa barabara, inakuja pole pole kama ugali inamwangika. Kufungua fundo tatu inaomba dakika mbili. Na kisu nilikuwa nayo. Nasema kweli leo: kisu nilikuwa nayo mu mufuko.

Lakini kumutoa, kisha kumubeba ku mugongo...

Nikamwambia, "Mama, narudi sasa hivi."

Hakulia. Alisema tu:

"Usikawie, mutoto yangu."

Nikakimbia. Sikugeuka. Batu bengine balipita pale nyuma yangu, nikajiambia mutu moja atamufungua. Nikajua pia hakuna mutu anawezaka kufungua fundo yangu.

Njo ile.

Nilikuwa ningali nimeinama mbele ya maua ya chuma. Giza ikaingia. Harufu ikapanda. Na chini ya mawe, karibu kabisa, sauti ndogo, ya mutu mwenye kuchoka kungoja.

"Yuma... umekawia."

Nyuma yangu sufuria ikaanguka. Asumini alikuwa amesimama ku mulango. Alisikia.

"Nani huyo?" akanongona. "Nani anakuita?"

Nikamwambia yote. Sikuongeza kitu. Ilikuwa mara ya kwanza mu maisha yangu nieleze habari bila kuongeza, na ilikuwa fupi sana.

Asumini hakupiga kelele. Akafunga vitu mu kitenge, akamweka mutoto mudogo ku mugongo, akashika Fatuma mukono.

"Unaenda wapi?"

"Mugunga. Chini ya bashi kuko baridi, lakini hakuna mutu chini yangu." Akaangalia barieri. "Na weye, kimbia, bado hawajafunga. Mutoto wa mutu asiende Ruhengeri kufunua uso ya mama wa mwingine."

Nikaenda. Chukudu nikaikokota, sijui juu ya nini. Ilikuwa nzito kuliko asubui. Mu kati, pale kusipokuwa Kongo wala Rwanda, nikasikia pumzi ku shingo yangu, ya joto, kama ya mutu mwenye unamubeba.

Védaste nilimukuta anafunga depo. Nikapiga magoti ku mavumbi, mbele ya bafanyakazi yake. Nikasema. Alibaki na ufunguo mu mukono. Nilingoja anipige. Ningefurahi anipige.

Akauliza kitu moja tu.

"Alikuwa anasema nini?"

"Alisema nisikawie."

Akakaa chini pale pale ku mulango, mutu mukubwa vile, akaficha uso mu koti.

Asubui alikuja Birere na sururu na banaume bane. Tukatoa mbao, tukapiga mawe siku tatu. Siku ya tatu, karibu na mangaribi, sururu ikazama. Chini kulikuwa pango, kama chumba kidogo, mawe imezunguka kitu yenye haiko tena. Hakukuwa mufupa. Hakukuwa nguo. Kulikuwa kitu moja.

Mupira. Fundo tatu, zimeshikana, nyeusi, baridi. Muko munajua mupira mu moto inabaki nini? Haibakake kitu. Ile ilikuwa muzima, kama nilifunga asubui ile.

Banaume bakarudi nyuma. Moja akafanya alama ya musalaba. Védaste akaishika, akajaribu na vidole, akajaribu na meno. Ikashindikana. Nikatoa kisu. Akanishika mukono.

"Hapana. Kisu ulikuwa nayo ile siku." Akaniwekea fundo mu mikono. "Fungua."

Nilijaribu mpaka giza. Haikufunguka. Miye mwenyewe niliifunga.

Njo Védaste akasema, pole pole, bila hasira, na ile njo inaniumizaka: "Ulikuwa unatafuta pa kulala. Lala hapa. Ikifunguka, uniletee."

Hakwenda Ruhengeri. Kazi alinifukuza, na alifanya muzuri.

Niko pale mpaka leo. Mbao nilizirudisha. Asumini anakujaka siku ya ijumaa, anakaa ku mulango, haingiake. Bakati ya mangaribi nakaa juu ya mawe na fundo ku magoti, natafuta ncha. Vijana ya chukudu banapita, bananiita: "Papa Yuma, tueleze ile ya gunia kumi na tano!"

Zilikuwa gunia sita. Na zilianguka mara mbili.

Nilipobaambia vile bakacheka, bakafikiri ni mazaha. Lakini ile mangaribi, ile kugonga ya kila siku chini ya mawe haikusikika, na fundo ya kwanza ikalegea. Kidogo. Nusu ya kidole.

Nikaingiza kidole ndani, pale mupira ilikuwa imejikunja miaka yote.

Nje ya fundo ilikuwa baridi kama jiwe.

Ndani ilikuwa na joto. Joto ya ngozi.