Sanduku Nyumba Hii, Ufunguo Nyumba Ile

Muuza mikate aliingia stoo alfajiri kuchukua unga, akakuta sanduku la Mfuko wa Majirani li wazi, tupu, kufuli limepondwapondwa chini. Akakaa palepale sakafuni. Kesho mwanawe alikuwa avushwe bara kupasuliwa, na fedha zote walizomchangia majirani zilikuwa humo.

Jua halijapanda, ua ulishajaa watu wasiotulia. Mwizi walishampata: mchukuzi wa mikate, kijana anayelala stoo humo. Nyundo ilikutwa chini ya godoro lake. Mtu mmoja alishaleta kamba.

Askari wa zamu, mwanamke waliyempachika jina la Kobe kwa kutoharakishwa, aliwaacha wapige kelele. Mchukuzi alieleza kwamba nyundo ni ya kugongea makreti, na kwamba tangu saa nane za usiku alikuwa tanurini. Muuza mikate akaafiki. Fundi saa, mwanzilishi wa mfuko, akasema tanuri na stoo ni pua na mdomo, kutoka mara moja si kazi.

Kobe alikuwa akipapasa ubao wa sanduku kwa kiganja.

"Dada, ufunguo unakaa wapi?" akamuuliza muuza mikate.

"Kwa fundi saa. Ndivyo tulivyozoea hapa kisiwani: sanduku nyumba hii, ufunguo nyumba ile."

Kobe akavuka kichochoro, akachuchumaa kwenye ngazi ya saruji ya fundi saa. Aliporudi alishika kipande cha shaba.

"Kaka, kufuli limepondwa hivi, lakini ubao lilipokuwa likining'inia hauna hata mkwaruzo. Lilifunguliwa kwanza. Likagongwa baadaye, kwenye ngazi yako. Kipande chake hiki."

Fundi saa alicheka, kicheko kikamkaukia mdomoni. Fedha zilitolewa ndani ya saa yake ya ukutani, bado zimefungwa. Hakuna aletaye saa siku hizi, alisema, na mwenye nyumba alimpa mpaka leo awe amelipa kodi.

"Si ungebisha hodi tu, kaka yangu?" muuza mikate akamuuliza.

"Miaka yote mimi ndiye niliyewaambia watu kuomba si aibu," akajibu. "Kumwambia mwenzio ni rahisi."

Watu wakaanza kulegea. Mmoja akanong'ona kwamba ni mtu mzima, yamalizwe kijirani. Mchukuzi akaitazama kamba miguuni pake.

"Mimi sasa hivi mlinitaka roho," alisema. "Yeye mnamwita kaka."

Kobe akaiokota kamba, akaikunja taratibu, akamrudishia aliyeileta.