Vitunguu vya Maua vya Mama Zakia

Huseni wa Kilangala ni bingwa wa mikorosho. Miche yake haifi ovyo. Watu humsifu, naye hakatai sifa hata moja.

Siku moja mkewe, Zakia, alirudi kutoka kwao Kinjumbi na kifurushi. Mama yake alikuwa amefariki, na nyumba yake ilikuwa imebomoka. Uani Zakia alichimbua vitunguu vitano vya maua. Havikubaki vingine.

"Baba Umi, nipandie," alisema. "Visipoota hapa, maua ya mama ndiyo yamekwisha."

"Niachie mimi," Huseni akajibu. "Mkulima wa korosho atashindwa na ua?"

Basi akafanya kama anavyofanya kwa korosho. Aliloweka vitunguu kwenye ndoo siku mbili. Kimoja kikaelea. Korosho inayoelea haifai, kwa hiyo akakitupa jaani. Korosho hupandwa upande wa kikonyo ukiwa juu. Naye akadhani vile vizizi vikavu ndivyo kikonyo, akavipanda vile vinne upande huo ukiwa juu, kwenye shimo lenye samadi mbichi. Kila asubuhi akamwagilia.

Mwezi ukapita, hakikuota kitu. Zakia hakulalamika. Kila jioni alikuja kulitazama shimo, na hilo lilimchoma Huseni.

Akameza kiburi chake, akaenda kwa jirani. Jirani huyo, Theresia mama wa Valerian, alikuwa na ua uliojaa maua ya kila rangi.

"Mama Valerian, nimeharibu."

Theresia akaja, akafukua kwa vidole, taratibu. Vitunguu vitatu vilikuwa vimeoza. Cha nne kilikuwa kizima nusu.

"Shemeji, umekisimamisha kichwa chini, miguu juu!" alicheka. "Huku kwenye bapa ni kitako. Mizizi hutokea hapa. Ncha hii ndiyo hutazama juu."

"Na maji?"

"Kitunguu kina maji yake ndani. Ukikiloweka, kinaoza. Samadi mbichi nayo inakiunguza."

Alikata sehemu iliyooza kwa kisu safi, akapaka jivu kwenye kidonda. "Kikae kivulini siku mbili, kikauke. Cha tano kiko wapi?"

Huseni akaonyesha jaa kwa aibu. Wakaenda kutazama. Kitunguu kilikuwa kimelala kwenye majani makavu, kimetoa mizizi myeupe na ncha ya kijani. Huseni hakujua acheke au alie.

Baada ya siku mbili Theresia alirudi. Alichanganya udongo na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Akachimba mashimo mawili yenye kina cha mara mbili ya urefu wa kitunguu, akaviweka vyote viwili kitako chini, akashindilia kidogo kwa kiganja, akamwagilia mara moja. Huseni alimtazama kwa heshima kubwa. Mikono ile ilijua kazi.

"Kabla ya kumwagilia tena, ingiza kidole. Udongo ukiwa na unyevu, acha. Wala usifukue kuchungulia. Mizizi michanga hukatika."

Hilo lilikuwa gumu. Huseni alizunguka pale kila siku, mikono nyuma. Wiki ya nne, jani likatokeza kwenye kile kilichopona. Cha jaani kilikuwa kimetangulia.

Masika yaliyofuata, alfajiri moja, ua jeupe lilifunguka. Zakia alisimama mbele yake, machozi yakimtoka. Kisha akamwita binti yake.

"Umi, njoo unuse. Hivi ndivyo alivyokuwa akinukia bibi yako."