Manjano Usoni mwa Dada

Lifti ya jengo la magazeti ilijaa pomoni mchana ule. Kiwiko cha mpiga picha kikagonga kikombe cha msanifu kurasa, na kahawa yote ikamwagikia blauzi yake nyeupe.

"Samahani, mrembo! Simama hivyo hivyo nikupige picha."

"Picha? Ninunulie sabuni kwanza, Bwana Kamera!"

Watu wakacheka, wao wakacheka zaidi, na mapenzi yakaanzia hapo. Wakawa wanapigiana simu kuulizana tu kama mwenzake amekula. Mpiga picha alikuwa na utani kwa kila jambo isipokuwa dada yake mkubwa aliyemlea. Msanifu akiomba kwenda kumsalimia, kijana anasingizia kazi. Nani asingeingiwa na wasiwasi?

Jarida lao lilichapwa kwa wino mweusi na rangi moja tu ya ziada, ikibadilika kila toleo. Msanifu aliitandaza rangi hiyo juu ya picha nyeusi na nyeupe, ili ukurasa mzima uonekane wa nyumba moja. Safari hii ilikuwa manjano. Kati ya picha za mafundi cherehani alizopiga mpenzi wake ilikuwamo ya yule dada, naye fundi, jina lake limeandikwa chini, kidevu juu, kitambaa cha maua kichwani. Msanifu aliipenda kuliko zote, akaikoleza manjano kidogo kuliko nyingine, akaupeleka ukurasa kwa wachapaji na nakala akamtumia mpenzi wake.

Simu ikalia papo hapo.

"Nani kakwambia umpake manjano?"

"Mpenzi, ndiyo rangi ya toleo. Hajapendeza?"

"Unamkejeli dada yangu?"

"Kwa lipi? Hata sijawahi kumwona!"

"Haya, sasa umemwona." Akakata.

Msanifu alipiga tena na tena. Mwishowe ikapokelewa.

"Dada anaumwa ini," sauti ilikuwa nzito. "Macho na ngozi vimegeuka manjano, hataki hata jirani amwone. Aliniomba nimpige nyeusi na nyeupe ili aonekane kama zamani. Wewe umemrudishia ugonjwa usoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje?"

"Ungesema hivyo hivyo ulivyosema sasa!"

Safari hii alikata msanifu. Alishuka ngazi mbio, viatu mkononi, hadi chumba cha mitambo. Fundi mchapaji alikuwa ameshafunga pleti ya manjano, bamba la kuchapia rangi hiyo, kidole kiko kwenye swichi.

"Mjomba, usiwashe! Tutengeneze pleti nyingine. Picha hii moja isiguswe na manjano."

"Binti, tukichelewa mhariri atatuchuna ngozi."

"Mwambie ni mimi. Kama ni kufukuzwa, anifukuze mimi."

Fundi aliguna, lakini akaifungua, wakatengeneza nyingine.

Mpiga picha aliingia akihema, amekuja kugombana. Akaikuta karatasi ya kwanza imeshatoka. Mafundi cherehani wote walikuwa manjano. Dada peke yake alibaki mweusi na mweupe, anang'aa katikati yao. Hasira ikamwisha, machozi yakamlenga.

"Nisamehe, mpenzi. Nilijifanya namlinda, kumbe nilikuwa naona aibu mimi."

"Hayo kamwambie yeye. Twende."

Dada alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda, macho yake manjano kweli, na msanifu hakuyakwepa. Akampa ukurasa.

"Shikamoo, dada. Ni mimi niliyekupaka manjano. Sikujua. Nimeitoa."

Dada aliikagua picha, mpaka mdogo wake akaanza kuegemea mguu huu na huu.

"Kwa hiyo huyu ndiye uliyekuwa unanificha?"

"Hapana, dada. Nilikuwa nakuficha wewe kwake."

"Mjinga mkubwa." Akakunja ukurasa taratibu, akaufungua mlango wote, mwanga wa nje ukampiga usoni naye hakurudi nyuma. "Ingia ndani, wifi. Huyo mwache hapo nje kwanza, atafakari."