Feni Zilizonyamazishwa

Jumamosi hiyo jengo la vifaa vya elektroniki lilifurika mpaka ngazini. Watu walipigana vikumbo, huyu kajitwika televisheni, yule anabishana kuhusu chaja. Katikati ya vurugu hiyo alipita binti mmoja, fundi cherehani, kavaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, nalo lilimkaa haswa. Alikwenda moja kwa moja mpaka duka la mwisho la kompyuta, akaegemea kaunta, akasema anataka kadi ya grafiki, ile ya kuonyesha picha za gemu kwenye kompyuta.

"Ya kaka yako?" aliuliza fundi wa duka, kijana mrefu mwenye bisibisi mfukoni mwa shati.

"Ya kwangu. Kaka mwenyewe sina."

Kijana alijikuna kisogo. "Hapo nimeteleza, dada. Nisamehe."

Akampangia kadi mbili za kampuni hasimu. "Hii ya feni mbili bei yake nafuu, na kwa kazi inayofanya, hujapoteza hela. Ila ikichemka inapiga kelele kama blenda. Hii ya feni tatu imechangamka bei, lakini inapoa vizuri na ina utulivu. Kwa picha zenyewe hazipishani sana, nisikudanganye."

"Maneno nimeyasikia. Ziwashe nizisikie na zenyewe."

Hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo. Alifunga mlango wa kioo, wateja wengine wakabaki nje wamenuna, akazijaribu moja baada ya nyingine kwa gemu zito. Binti aliinama, sikio karibu na kompyuta, macho kayafumba. Fundi alisahau kutazama vipimo vya joto, akawa anamtazama yeye.

"Baba yangu anaoka mikate zamu ya usiku," binti alieleza. "Mchana ndiyo analala, na kati yetu kuna ukuta wa mbao. Nikimwamsha nitajisikia vibaya. Nipe ya feni tatu."

"Nitakuja kukufungia mwenyewe."

Alikuja kuifunga, na baada ya hapo simu hazikukatika.

"Fundi," binti aliita.

"Naam, fundi. Umeamkaje, mpenzi?"

"Usijifanye. Jana umenifunga mabao kwenye gemu halafu leo naitwa mpenzi?"

"Si unicheke basi, mradi nikusikie."

Binti alipenda namna kijana alivyomtania, na jinsi alivyosikiliza habari za wateja wake wa kushonewa, wanaoleta kitambaa leo na kutaka nguo kesho. Jambo moja tu lilimsumbua. Alimwambia Fundi kwamba kadi ikipata moto bado inavuma, na kila ikivuma anasikia kitanda cha baba kikilia upande wa pili.

Wiki ile ile Fundi alikuja kuipangusa vumbi kompyuta. Alibonyezabonyeza kidogo, na chumba kikanyamaza kabisa.

"Umeifanya nini?"

"Siri ya ufundi," alisema, kifua mbele. Binti alimpikia chai, akamwongezea na busu la shavuni.

Jumapili timu ya gemu ya binti ilikuwa na mechi ya mtandaoni ya kuingia fainali. Wasichana wanne, kila mmoja akicheza kutoka kwao, na miezi ya mazoezi nyuma yao. Wakiwa wanaongoza, skrini yake ikawa nyeusi. Kompyuta ilipowaka tena, wenzake walikuwa wameshafungwa. Nahodha alimwandikia neno moja: pole. Lilimuuma kuliko tusi.

Kesho yake aliipeleka kompyuta kwa fundi wa duka la jirani, kwa sababu hakutaka kumlaumu wake bila uhakika.

"Kadi hii ni nzima," yule fundi alisema. "Ila kuna mtu amezishusha feni mpaka karibu zinasimama. Ikachemka, ikajizima isiungue."

Binti alimpigia Fundi simu palepale, akiwa amesimama kwenye korido ya watu.

"Ulizipunguza feni?"

"Nilitaka baba yako alale."

"Ungeniambia!"

"Nilitaka unione nimepatia."

"Umenipotezea mechi, na umeniacha nikushukuru kwa kitu nisichokijua. Nitakuaminije tena?"

Akakata. Alizirudisha feni kwenye kasi yake kwa kufuata maelekezo ya yule jirani, lakini hakucheza tena. Simu za Fundi ziliita mpaka zikachoka. Binti alishona mchana kutwa kwenye karakana, akirudi nyumbani anakaa tu, anamkosa mtu ambaye bado amemkasirikia.

Baba yake ndiye aliyeanza. Alitoka chumbani saa tisa alasiri, macho mekundu.

"Mwanangu, gemu lako limekufa?"

"Hapana, baba. Sitaki kukusumbua."

"Kunisumbua na nini? Mimi miaka yote nimeishi na mashine za kukandia unga. Ile sauti ndiyo ilikuwa inanibembeleza. Tangu mzime hiyo kitu, nagaagaa tu kitandani."

"Lakini nilikuwa nasikia kitanda chako kinalia!"

"Najiweka sawa nilale. Mbona hukuniuliza?"

Binti alicheka, kisha machozi yakamtoka. Alikuwa amemwamulia baba yake bila kumwuliza, vilevile kama alivyofanyiwa yeye.

Kesho yake mchana alikwenda dukani. Fundi alimwona kutoka mbali, akaacha kadi mkononi mwa mteja.

"Sikuja kukulaumu," binti alisema, akamsimulia habari ya baba. "Mimi na wewe ni wale wale. Ila mechi bado inaniuma."

"Na mimi inaniuma. Nilikosea, sina la kujitetea. Nimekuwa nakupigia nikwambie hivyo tu."

"Ukitaka kunitendea wema, uniulize kwanza."

"Kila kitu?"

"Kila kitu kinachonihusu."

Fundi alifuta mikono kwenye suruali. "Basi nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

Mteja mwenye kadi akasahau bei aliyokuwa anaibishania.

"Nakubali," binti alisema, akamshika mkono mbele za watu. "Ila baba naye tumwulize, tusije tukamwamulia tena."

"Twende sasa hivi?"

"Sasa hivi amelala."

"Basi tutasubiri aamke," alisema Fundi, akamvutia kiti.